Kitabu cha mazishi ya mama tulichapishia River Road, nawapa nyota nne kwa tano

Watu wameniuliza sana kile kitabu cha mama, kile cha wasifu na picha watu wanapewa mazishini, tulichapishia wapi, wengine walikiona kanisani wengine walionyeshwa huko ushago, kwa hivyo wacha niandike kila kitu hapa mara moja. Ni duka ndogo la kuprinti liko River Road upande wa Latema, ghorofa ya pili, ngazi nyembamba na lifti hakuna, kama umeenda na mzee mtafutie mahali pa kukaa huko chini akungoje. Mlangoni hakuna bango la maana, kuna karatasi tu imebandikwa: kadi za harusi, vitabu vya mazishi, risiti, mihuri. Uliza soja wa chini watu wa vitabu vya mazishi, atakuonyesha. Nyota nne kwa tano, na hiyo moja nimewanyima nitasema ni ya nini.

Kwa wale hawajawahi kupangia mtu mazishi hapa Nairobi, mkikaa ule mkutano wa kwanza wa jioni kamati inagawa kazi, huyu ni wa mochari, huyu wa basi, huyu wa hema na chakula, mweka hazina ni fulani na pesa zinaingia kwa M-Pesa yake, halafu mwishoni kabisa watu wameshasimama kuomba ya kufunga ndio mtu anauliza, na kitabu je? Mimi ndio nilipewa kitabu. Na nitasema venye naona, hiyo ndio ilifaa kugawanywa ya kwanza, ju basi litarudi, hema litakunjwa, chakula kitaisha siku hiyo hiyo, lakini kitabu kinakaa. Kwetu Makueni kuna kabati ya sebuleni ina vitabu vya mazishi vya ukoo tangu miaka ya tisini, mtoto akiuliza susu, yaani nyanya, wa baba yake alikuwa nani kinatolewa hicho anasomewa. Sasa fikiria kinatolewa na ndani hakuna kitu.

Maana tulianzia mahali pengine, sitapataja. Huko tuliulizwa jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufa, picha, na kurasa ngapi. Basi. Muda si muda tukatumiwa kwa simu, kava iko na mawingu na njiwa wawili na ngazi ya dhahabu inapanda juu, imeandikwa macheo hivi na machweo hivi, na ndani wasifu umeshaandikwa tayari: alikuwa mcha Mungu, mchapakazi, mpenda watu, mama wa wengi, aliugua kwa ujasiri mwingi. Yote ni kweli, mama alikuwa hayo yote. Lakini ungetoa jina lake uweke la mwanamke mwingine yeyote aliyezikwa wiki hiyo na hakuna mtu angejua, na ukurasa wa mwisho kulikuwa bado kumeandikwa pumzika kwa amani baba yetu. Kaka yangu mkubwa alisoma hiyo laini akaweka simu mezani akatoka nje. Dipoziti tuliwaachia.

Aliyetuelekeza River Road ni mama mmoja wa pale soko la Kariokor, kibanda chake na cha mama vilikuwa vimepakana miaka mingi, yeye ni Muislamu anauza viatu vya ngozi, mwezi wa Ramadhani jioni mama ndiye alikuwa anamuangalilia mali akienda kufuturu, na Jumapili mama akiwa kanisani huyo ndiye alikuwa anaangalia kibanda kisivunjwe. Kadi za harusi ya binti yake ndio alichapishia hapo. Akaniambia enda, huyo mama wa kaunta anasoma.

Na kweli anasoma. Ni mama wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni, nyuma yake kuna kijana wa kompyuta na mashine zinanguruma. Nilimpa karatasi venye kamati ilikuwa imeiandika, akasema pole sana dada yangu, akavaa miwani, akaisoma yote na kalamu mkononi. Mimi nimechapisha vitu hapa mjini, kadi, ripoti za chama, vitambulisho vya kwaya, na sijawahi kuona mtu wa kuprinti akisoma kenye anaprinti. Akafika mahali pameandikwa mchapakazi akauliza, kazi gani? Nikasema biashara. Biashara ya nini? Viondo, vile vikapu vyetu vya kusuka. Hapo akaweka kalamu chini akaniambia, "Dada, mtu amefanya kazi na mikono yake miaka arubaini na hapa amepewa neno moja. Niambie alikuwa anaamka saa ngapi."

Saa kumi, nikamwambia. Alikuwa anaamka saa kumi, anaomba kwanza, kwa sauti, sisi tukiwa tumelala chumba hicho hicho tunasikia majina yetu yakitajwa moja moja, halafu anawasha stovu.

Basi tukakaa. Yeye anauliza na mimi nasema na yeye anaandika, wateja wengine wanahudumiwa na kijana, na vile tulikuwa tunaendelea nikaona maisha ya mama yanajipanga kwa njia hata sisi watoto hatukuwa tumewahi kuyapanga. Alizaliwa upande wa Nzaui, kitambulisho kinasema 1950. Kwenye ile njaa ya 1961, ile Wakamba wanaita Yua ya Ndeke, kiangazi kilifuatwa na mafuriko barabara zikakatika na chakula kikawa kinaangushwa na ndege, yeye alikuwa ni msichana mdogo amebeba mdogo wake mgongoni, na alikuwa anatuambia alijifunza kusuka msimu huo, ju hakukuwa na shule na mikono ilikuwa inatafuta kazi. Susu yake ndiye alimfundisha kusokota uzi wa katani kwa paja, unachukua nyuzi mbili unaziviringisha na kiganja zinashikana, na kuanza kiondo kutoka kitako, katikati kabisa, halafu unapanda ukizunguka. Kiondo kimoja cha katani, kama mtu anakisuka akiwa na kazi zingine za shamba na watoto, kinaweza kula wiki mbili tatu. Wasukaji hawakai chini kufanya hiyo kazi, wanasuka wakitembea, wakienda mtoni, wakiwa mkutanoni, kiondo kinaning'inia kwapani na vidole vinaenda.

Alipoolewa akaja Nairobi, baba alikuwa relwe, wakaanzia mtaa wa Ziwani. Na sasa sikilizeni hii ju ndio ukurasa wa maana kwa kitabu kizima na karibu tuuache nje. Mwaka wa 1984 kukawa na ukame mbaya, kwetu wanaita ile njaa Nikw'a Ngwete, yaani mtu alikuwa anakufa na pesa iko mkononi ju hata ukiwa nazo chakula cha kununua hakipo. Nairobi watu walikuwa wanapanga foleni kwa unga na mahindi yale ya manjano yaliyoletwa kutoka nje. Mama alikuwa anapanga foleni, anapata kidogo, anagawa, nusu yetu na nusu anafunga kwa gunia anapeleka kituo cha mabasi cha Machakos anampa kondakta anayemjua, unga unashuka Makueni kwa dada zake na kina mama wa kwao. Wao hawakuwa na cha kumrudishia. Wakaanza kumrudishia viondo. Basi lilelile, gunia lilelile, unga ukishuka viondo vinapanda. Havikuwa na mikanda, havikuwa na ngozi, ni kikapu tu kitupu, mama akavipeleka Kariokor kwa mafundi wa ngozi pale Racecourse Road wakavitia midomo ya ngozi na mikanda na bakoli za kufungia, akauza, na pesa ikarudi ikanunua unga mwingine. Hivyo ndivyo biashara ilianza, na ndio ilitusomesha sote mpaka mwisho, hata baada ya baba kufa.

Mama wa kaunta alisikiliza mpaka hapo akasema hiyo ndio inaanza kitabu, hayo mengine yatafuata. Na ndivyo kilivyo. Ukifungua, kabla ya tarehe na kabla ya orodha ya shule alizosoma, unakuta gunia la unga.

Wacha niseme kitu kuhusu imani yake hapa, ju kwa vitabu vingi sehemu ya imani huwa ni laini tatu, aliokoka mwaka fulani, akabatizwa mahali fulani, akawa mwanachama mwaminifu wa kina mama. Sisi ni AIC, yaani Africa Inland Church, tangu zamani, na kwa watu wa kwetu hiyo si kitu ya kuazima, misheni ya Africa Inland ilianza huko huko kwetu Nzaui mwaka wa 1895 na Peter Cameron Scott, ambaye hata miaka miwili hakumaliza akafa kwa homa mwaka uliofuata, akiwa na miaka 29. Babu yake mama alisoma herufi kwa watu wa misheni. Mama akiwa Nairobi kanisa lake likawa AIC Ziwani, alikuwa anatembea kwa miguu na hata baada ya kuhamia mtaa wa Umoja akawa anapanda matatu kurudi huko huko, hakutaka kubadilisha. Hayo tuliandika. Lakini mama wa kaunta akauliza swali ingine, ana maandishi yake mwenyewe mahali? Barua, Biblia ameandika pembeni, chochote?

Kulikuwa na daftari. Kila mtu Kariokor anajua daftari ya mama, ile ya shule ya kava ya bluu, zilikuwa nyingi moja ikiisha anafungua ingine. Upande wa kushoto anaandika deni, nani amechukua pesa kabla ya kuleta viondo, nani alikopa ya karo, nani ya hospitali. Upande wa kulia fungu la kumi. Ameandika kwa mwandiko wake ule wa herufi kubwa kubwa, na kwa yale madeni kuna mengine amepiga mstari na pembeni ameweka neno moja tu, amesamehewa, na tarehe. Tuliporudi nyumbani tukazifungua zote mezani, dada yangu akaanza kusoma kwa sauti akashindwa kuendelea, ju kuna miaka hiyo neno iko karibu kila ukurasa, na ni miaka ile ile sisi tulikuwa tunarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Hakutuambia. Mimi nimekaa na hiyo kitu tangu siku hiyo na sijui kama nimemaliza kuielewa, lakini nilijua lazima iingie kwa kitabu, na imeingia, ukurasa mzima, daftari venye ilivyo na doa la chai pembeni. Kijana wa kompyuta mwenyewe ndiye alisema, mum, haya majina ya wenye madeni tuyafunike, wengine watakuwa pale matangani. Akayafifisha moja moja mpaka hayasomeki na neno amesamehewa akaliacha wazi. Hakuna mtu alimtuma.

Tuingie kwa mambo ya picha ju hapo ndio watu wengi huharibu. Picha za zamani msizipige na simu halafu mtume, simu inachukua mwanga wa taa unaonekana kama alama nyeupe usoni na kingo zinapinda. Bebeni picha yenyewe, wako na skana nzuri, wanakuskania mkiwa hapo hapo na mnarudi nayo. Na zile ziko kwa simu msizitume WhatsApp kama picha ya kawaida, WhatsApp inazikamua zinakuwa ndogo, zitume kama dokumenti zitafika nzima. Kwa kava ya A5 picha inafaa iwe angalau kama pikseli 1,700 kwa 2,500 ndio uso usitoke na ukungu. Tulikuwa na moja ya studio ya miaka ya sabini, nyeusi na nyeupe, mama amesimama mbele ya pazia lililochorwa mlima na ziwa, viatu vya soli nene, mkono umeshika pochi si kiondo, alikuwa anasema siku hiyo mpiga picha alimkataza kiondo ati ni kitu cha ushago. Kona mbili zilikuwa zimeliwa na unyevu. Kijana alizirekebisha vizuri sana, na nilimuomba kitu moja na akaitii, asimng'arishe. Kuna tabia hii ya madizaina wengi ya kupitisha sura ya marehemu kwa programu mpaka anatoka mweupe na ngozi laini kama sahani, halafu watoto wanalia wakiangalia mtu wasiyemjua. Mama alikuwa mweusi na alikuwa na makunyanzi kwa macho ju ya kushona usiku na taa ya kibatari, na ndivyo alivyo kwa kava.

Na hakuna njiwa. Tulipeleka kiondo chake mwenyewe, kile alikuwa anabebea Biblia, cha katani chenye mistari ya kahawia na nyeusi, wakakiweka kwa skana hivyo hivyo, wakachukua mistari yake wakaifanya pambo la pembeni kurasa zote. Wazo lilikuwa la fundi wa ngozi, mzee aliyefanya kazi na mama tangu hiyo miaka ya themanini, nilienda naye na ndiye alipanda hizo ngazi mbele yangu. Na huyo mzee ndiye alitupatia mambo sisi watoto hatukuwa nayo, kwamba mama alikuwa anakataa kuuza kiondo chenye kitako kimelegea hata mteja akisema hajali, anakirudisha kwa msukaji na nauli juu, kwamba miaka ile viondo vilikuwa vinaenda Ulaya na Marekani kwa wingi wanunuzi wakubwa walimtaka apunguze bei ya wasukaji na akakataa akabaki na wateja wadogo. Na kwamba baada ya serikali kupiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, mama akiwa ni mzee tayari na sisi tumeshamwambia apumzike, vijana wa ofisi walianza kuja Kariokor kutafuta viondo vya sokoni na akarudi kibandani akasema sasa mnaona, Mungu alikuwa ananiwekea hii.

Sehemu ya ameacha nani huwa inaleta vita kwa familia nyingi, na kwetu ilitaka kuleta. Mama wa kaunta aliuliza swali moja likamaliza maneno, aliwalea wangapi, si aliwazaa wangapi. Kwa hivyo kitabu kina watoto wake wa kuzaa, halafu kina wale aliowalea, mtoto wa mama mdogo aliyekuja akiwa na mwaka mmoja akakaa mpaka akaolewa, kijana wa msukaji mmoja aliyeletwa mjini kwa ajili ya sekondari hakurudi, wote kwa ukurasa mmoja na kwa herufi za saizi moja. Na kina yule wa pili wetu aliyekufa akiwa mchanga, ambaye kwa vitambulisho na fomu hayupo popote, lakini mama alikuwa anamtaja kila asubuhi ile saa kumi. Mjomba mmoja alinung'unika kuhusu huyo mtoto. Jina limebaki.

Kuhusu kurasa, jueni kitabu cha kukunjwa na kupigwa stepo katikati kurasa zake lazima zigawanyike kwa nne, kwa hivyo hakuna kitu kama kurasa 14, ni 12 au 16 au 20. Sisi tulikuwa na mambo ya kama 18 hivi na tukaambiwa tuchague kuongeza au kupunguza. Tulipunguza salamu za viongozi, zile barua ndefu za rambirambi kutoka kwa wanasiasa ambao wengine hawakuwahi kumuona mama, tukaacha majina yao tu kwa ukurasa wa shukrani, na hakuna mtu alikasirika. Kama kamati yenu itang'ang'ania hizo barua mimi nasema zisomwe kwa maiki zitoshe, karatasi ni ya marehemu. Bei ilikuwa shilingi 120 kwa kitabu kimoja, kurasa 16, A5, rangi zote, kava nzito ya glosi, tukichukua 300. Ukichukua chache bei inapanda kidogo lakini wanakubali hata 50 ju wanatumia mashine ya dijitali hawatengenezi pleti za kuchapia. Nusu unalipa mwanzo nusu ukichukua. Marekebisho ya kwanza ni bure, ukishasaini prufu, ile nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, na ukarudi kubadilisha wanachaji, na hiyo naona ni haki.

Sasa ile nyota. Kwanza Kikamba. Mama alikuwa na nyimbo zake mbili za Kikamba ambazo lazima ziimbwe, na Kikamba kina zile i na u zenye kialama juu, ĩ na ũ, zikageuka viboksi vitupu kwa prufu ya kwanza, walipobadilisha fonti viboksi vikaisha lakini alama zingine zikapotea kabisa, na pale dukani hakuna anayesoma Kikamba wa kuona tofauti. Ilibidi mama mdogo, na umri wake huo, akae kando ya kijana amuonyeshe neno kwa neno. Alikaa bila kulalamika, akamfundisha na kuimba, lakini haikufaa iwe kazi yake. Kama nyimbo zenu ni za Kikamba au Kikuyu nendeni na mtu wa kusoma lugha hiyo na msisaini prufu mpaka ameona kila ubeti.

Hilo ningelisamehe. Nyota imeenda kwa simu. Walituahidi vitabu asubuhi ya siku kabla ya safari, stima ikapotea River Road nzima, sawa, hiyo si makosa yao, lakini hawakupiga simu kutuambia. Tulikaa tunangoja, tunapiga haishikwi, kaka akaenda akapata mlango umefungwa wameenda kutafuta mashine jengo lingine, na vitabu tukavipata usiku, watu wakiwa tayari wanapakia basi. Familia iko na maiti mochari na kila mtu ana presha, dakika moja ya simu ingetutuliza. Nilimwambia mama wa kaunta hivyo hivyo usoni, akasikiliza, akasema ni kweli dada, na akaturudishia pesa kidogo bila kuombwa. Na karatasi ya ndani ni nyepesi, picha ya upande mmoja unaiona kidogo upande wa pili, ombeni ile nzito zaidi hata kama ni kuongeza shilingi kumi.

Siku yenyewe sitasema mengi. Ibada ilikuwa Ziwani asubuhi halafu tukaelekea Makueni. Kenye niliona na macho yangu ni kwamba watu walisoma. Huwa tunajua vitabu vya mazishi vinatumika kupepea na kukinga jua, na huko kwetu kuna jua, lakini niliona kina mama wasukaji wamekaa kwa vikundi chini ya mwembe, yule anayejua kusoma anawasomea wengine ule ukurasa wa gunia, na wakifika mahali wanaongeza, hapana lilikuwa basi lile lingine, hapana mwaka huo alituma pia na maharagwe. Mmoja akaja kwangu na kitabu kimefunguliwa kwa daftari, akaweka kidole kwa laini moja iliyofifishwa, akaniambia huyu ni mimi. Sikujua niseme nini nikamkumbatia tu.

Vilikwisha vyote na wengi walikosa, wasukaji wengi walikuja kutoka mbali kuliko tulivyohesabu, kwa hivyo tunarudi River Road kuchapisha vingine na safari hii tunachukua ile karatasi nzito. Mkienda ombeni faili lenu kwa flashi kabla hamjaondoka, wanaweka kwa kompyuta yao miezi michache tu halafu wanafuta. Jumatatu mpaka Jumamosi wako wazi, Jumapili wamefunga. Na msiende watoto peke yenu, chukueni mtu aliyefanya kazi na marehemu, hata kama ni mmoja, na muende naye mkiwa na wakati, ju yule mama atawauliza maswali.